Nimeokoka, na majirani wanataka niwanie uwakilishi wadi: je, ni dhambi?

Swali

Mwalimu, salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaaji wa Nakuru na mweka hazina wa kanisa letu. Mwaka jana sisi akina mama wa mtaa tulifuatilia suala la dawa kukosekana katika zahanati yetu mpaka dawa zikaletwa. Tangu hapo majirani wananisihi niwanie uwakilishi wadi, yaani kiti katika bunge la kaunti, mwaka 2027. Nilipomweleza mchungaji wangu, aliniambia siasa ni mchezo mchafu na mtu aliyeokoka hana fungu huko. Akanisomea Yohana 18:36. Jumapili iliyofuata mwanasiasa mmoja alikuja ibadani, akapewa maikrofoni, akapiga kampeni karibu nusu saa, kisha akaacha bahasha ambayo nililetewa mimi nihesabu. Nimechanganyikiwa. Je, nikiwania ni dhambi? Niache hazina? Na pesa zile niziandikeje katika vitabu?

Jibu

Mama, nianze na majibu yenyewe, maana najua ndiyo unayoyasubiri. Kuwania si dhambi. Hazina iache, na uiache mapema kuliko unavyofikiri. Pesa zile ziandike kama zilivyo: jina la aliyezileta, kiasi, tarehe, na ibada aliyozitolea. Sasa nikueleze sababu, kwa kuwa mchungaji wako hakukosea yote, na nisingependa uondoke hapa na hoja ya kumshinda tu huku wewe mwenyewe ukikosa hoja ya kukuongoza.

Andiko alilokusomea ni maneno ya Yesu akiwa mbele ya Pilato: "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu." Watu wengi hukatia hapo. Sentensi inayofuata ndiyo inayofafanua: kama ufalme wake ungekuwa wa ulimwengu huu, watumishi wake wangempigania asitiwe mikononi mwa adui zake. Usiku uliotangulia Petro alikuwa amechomoa upanga akamkata mtu sikio, na Yesu akamwamuru aurudishe alani. Kwa hiyo anachomwambia Pilato ni kwamba utawala wake hausimamishwi kwa mapanga. Hakuna neno hapo linalomkataza mama wa Nakuru kuuliza bajeti ya dawa imekwenda wapi. Tena mtu akilichukua andiko hilo kwa uzito wake, litamkemea kwanza yule anayewapanga vijana na marungu wakati wa kampeni huku akijiita mtu wa Mungu.

Kuna maandiko mengine mawili utakayorushiwa, kwa hiyo jiandae. La kwanza ni lile la kumpa Kaisari yaliyo yake. La pili ni Warumi 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Watu wanaoyatumia kuwanyamazisha waumini husahau yaliandikiwa nani. Wakristo wa Rumi hawakupiga kura. Kaisari hakuwaomba ridhaa, hakuwaletea rasimu ya bajeti waitolee maoni, wala muhula wake haukuwa na mwisho walioujua. Walichoweza kumpa ni kodi na heshima. Wewe unaishi chini ya Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi wa Kenya, na wanaweza kuitumia wao wenyewe moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Sasa fikiria kidogo. Ikiwa mamlaka ni amana kutoka kwa Mungu, kama Paulo anavyofundisha, na ikiwa sheria ya nchi yako imeiweka amana hiyo mikononi mwa wananchi, basi muumini anayesema "mimi siasa sizigusi" ana amana mkononi na anakataa kuitolea hesabu. Kwangu mimi hoja hiyo inazidi nyingine zote, na bado sijasikia mahubiri yaliyoijibu.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, kina hadithi ambayo ningependa mchungaji wako aihubiri mwaka mmoja kabla ya kila uchaguzi. Miti ilitaka mfalme. Wakauendea mzeituni, ukasema hauwezi kuacha mafuta yake. Wakauendea mtini, ukasema hauwezi kuacha utamu wake. Mzabibu nao ukakataa kwa ajili ya divai yake. Mwishowe wakauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukawaambia waje wajikinge chini ya kivuli chake, la sivyo moto utoke kwake uteketeze mierezi ya Lebanoni. Yothamu aliisimulia hadithi hiyo akiwa juu ya mlima, kisha akakimbia kuokoa maisha yake, kwa sababu mti wa miiba alioukusudia ulikuwa nduguye Abimeleki, aliyewaua ndugu zake ili atawale. Walioukataa ufalme wote walikuwa miti mizuri yenye matunda, na kila mmoja alikuwa na kisingizio cha heshima.

Huku kwetu magharibi na Bonde la Ufa dini na siasa zimejuana siku nyingi. Tarehe 23 Desemba 1921, watu walikusanyika Lundha, Gem, wakaanzisha chama kilichojulikana baadaye kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema. Walioongoza walikuwa walimu na wasomi waliotoka Maseno, shule ya misheni ya Kianglikana. Jonathan Okwiri, mwalimu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Walilalamikia kodi ya nyumba, kipande, kambi za kazi ya lazima, na kitendo cha Uingereza cha mwaka 1920 cha kuigeuza nchi kuwa koloni. Watu hao walikuwa wamejifunza kusoma kwa kutumia Biblia, na walipoisoma waliona kwamba Mungu wa Kutoka alikisikia kilio cha watu waliolazimishwa kufyatua matofali. Mwaka 1923 Shemasi Mkuu Walter Owen alikigeuza chama hicho kuwa chama cha walipa kodi na ustawi wao, kikashughulika zaidi na vyoo, vitanda na miti ya kupanda. Wanahistoria hubishana hadi leo kama aliwalinda au aliwapoza. Maoni yangu ni kwamba alifanya yote mawili, na hilo nalo ni la kukumbuka: dini inaweza kuitia siasa moyo, na inaweza pia kuilaza.

Njoo karibu zaidi na wakati wetu. Kisumu ilikuwa na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, ambaye alifundisha na kuandika tangu miaka ya 1970 kwamba kanisa lina wajibu kuhusu jinsi watu wanavyotawaliwa. Mwaka 1990, wakati kutaja vyama vingi kulimpeleka mtu kizuizini, alividai waziwazi. Kifungu 2A cha katiba ya zamani kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Nakuru kwenu mlikuwa na Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu Mkatoliki kuanzia 1971 hadi 1996. Wazee wa Molo na Elburgon watakueleza. Ghasia za kikabila zilipowafukuza watu mashambani mwao kuanzia mwisho wa 1991, sauti yake ilikuwa miongoni mwa zile chache zilizosema peupe kwamba hazikuwa ugomvi wa majirani tu, kwamba wenye mamlaka walikuwa na mkono wao. Eldoret kulikuwa na Askofu Alexander Muge wa Kianglikana. Agosti 1990 waziri mmoja, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda Busia tarehe 14 mwezi huo, akaonana na waumini, na akiwa njiani kurudi gari lake liligongana na lori akafa. Miaka 10 baadaye, Agosti 2000, Padri John Kaiser, aliyekuwa akiwatetea waliofukuzwa Maela na kwingineko, alikutwa amekufa kando ya barabara ya kwenda Naivasha. Mwaka 2007 mahakama ya uchunguzi iliamua kwamba aliuawa.

Nimewataja hao kwa kusudi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewania kiti. Na hakuna aliyeipigia debe kambi ili apate gari. Waliingia katika siasa hadi shingoni bila kuwa mali ya mwanasiasa yeyote, ndiyo maana walipozungumza hata adui zao walijua wanasikia nini.

Sasa upande wa pili, nao hatuwezi kuukwepa. Mwaka 2007 makanisa mengi ya nchi hii yaligawanyika kikabila. Wachungaji waliwatabiria ushindi wagombea wa makabila yao, wakawapaka mafuta, wakawaombea kwa majina. Uchaguzi ulipoharibika na nchi ikawaka, ni nani aliyekuwa amebaki wa kusimama katikati? Siku ya Mwaka Mpya 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, wakidhani nyumba ya Mungu itawakinga, walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Nakuru na Naivasha ziliwaka mwisho wa mwezi huohuo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa kote nchini. Baraza la Taifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani mwaka huo kwamba viongozi wa kanisa waliegemea pande na kwa hiyo wakashindwa kuituliza nchi. Lilikuwa tamko la aibu na la lazima.

Kwa hiyo mchungaji wako anaposema siasa ni chafu, kuna jambo analolijua. Pengine aliona miaka hiyo kwa macho yake. Anapokosea ni pale anapodhani uchafu ule uliingia kanisani kupitia waumini waliowania viti. Uliingia kupitia madhabahu. Muumini akiwania kiti kama raia, akashinda au akashindwa, kanisa linabaki kanisa. Mchungaji akisimama mimbarani akasema "huyu ndiye chaguo la Bwana", nusu ya kondoo wake hawana tena mahali pa kulia siku ya msiba.

Wachungaji wenyewe waliwahi kulijua hilo vizuri. Mwaka 1986 KANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoleta kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wachungaji kupitia NCCK waliipinga. Sababu yao ilikuwa rahisi kueleweka: mchungaji akipanga foleni nyuma ya mtu mmoja, waumini walio katika foleni nyingine watampokeaje Jumapili? Walidai kura yao iwe ya siri ili huduma yao iwe ya wote. Leo hakuna anayetulazimisha kupanga foleni, lakini makanisa mengi hujipanga yenyewe kila mara maikrofoni inapotolewa.

Hapo ndipo tunafika kwenye bahasha yako, na samahani nitakaa hapa, maana ndiyo sehemu ya barua yako iliyonigusa kuliko zote.

Amosi alipokwenda Betheli kuikemea dhuluma ya Israeli, aliyemfukuza hakuwa mfalme. Alikuwa kuhani, Amazia. Na sababu aliyoitoa, katika Amosi 7:13, ni kwamba asitabiri tena Betheli kwa sababu ni mahali patakatifu pa mfalme. Hebu isome tena taratibu. Betheli ndiko Yakobo alikoiona ngazi, akapaita nyumba ya Mungu, na sasa kuhani wake mwenyewe anapaita pa mfalme. Mfalme alikuwa akigharamia mahali pale, na kwa hiyo mlezi wa madhabahu akaona kazi yake ni kumlinda mfadhili asisikie neno la Mungu. Kila bahasha inayotolewa mbele ya kamera kanisani inanunua Amazia mmoja. Mwanasiasa hahitaji mchungaji amsifu. Inamtosha kwamba siku dawa zitakapokosekana tena katika zahanati, mchungaji atakumbuka mabati aliyoezekewa na kulimeza neno.

Makanisa yameanza kuamka, na mojawapo ya hatua za kwanza ilichukuliwa magharibi. Tarehe 12 Septemba 2021, Butere katika Kaunti ya Kakamega, Rose Okeno alisimikwa askofu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya. Vigogo wa siasa walikuwa wamefika. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akasema hakuna mwanasiasa atakayepewa nafasi ya kuhutubia ibadani. Waabudu pamoja na wengine. Maaskofu Wakatoliki nao walitoa msimamo wa namna hiyo mwaka huohuo. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali kwa taarifa kali, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Kisumu, alikataa mchango ambao Rais William Ruto aliutoa katika parokia ya Soweto, akaagiza urudishwe. Vijana walioandamana mwaka huo kuupinga Mswada wa Fedha walikuwa tayari wamewauliza viongozi wa dini maswali magumu kuhusu pesa hizo. Mimi nawashukuru vijana hao. Walitimiza kazi ya Amosi wakati makuhani wengi walikuwa kimya.

Basi, pesa zilizoletwa kwako. Usizifiche chini ya "sadaka ya kawaida", maana huo utakuwa uongo katika kitabu cha kanisa. Fungua mstari wake peke yake, andika jina na kiasi, toa stakabadhi, na uripoti katika kikao cha kamati ili kumbukumbu za kikao zionyeshe. Kisha pendekeza, kwa unyenyekevu lakini kwa maandishi, kwamba kanisa lipitishe kanuni: mtu yeyote anaweza kutoa sadaka kama muumini, katika kikapu, bila kutangazwa, na hakuna mtu wa siasa atakayehutubia ndani ya saa za ibada, wewe mwenyewe ukiwemo utakapoanza kuwania. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo itakayoonyesha kama unasema kweli.

Nirudi kwako sasa, na kwa kiti chenyewe. Watu hupigia kelele urais, lakini wadi ndiyo inayogusa mambo ambayo Mathayo 25 inayataja, kama kuwalisha wenye njaa na kuwatazama wagonjwa. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti zahanati na vituo vya afya, elimu ya chekechea, barabara za kaunti, masoko na kilimo. Kifungu cha 203 kinataka angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ziende kaunti. Mwakilishi wadi ndiye anayepitisha au kukataa bajeti ya kaunti na kumhoji gavana kuhusu matumizi yake. Ulipofuatilia dawa na wenzako mlifanya, bila mshahara, sehemu ya kazi ambayo mtu fulani alichaguliwa aifanye. Ukiona hivyo, ni vigumu kusema kwamba kuombea wagonjwa ni utakatifu lakini kuwatafutia dawa katika bajeti ni uchafu.

Sheria haikuzuii. Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuwania wadhifa wa umma. Cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 91 kinakataza chama cha siasa kuundwa kwa misingi ya dini, kwa hiyo usikubali mtu akuambie mtaanzisha "chama cha waliookoka". Kama hutaki vyama, unaweza kusimama kama mgombea wa kujitegemea: Katiba inadai uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yako, na usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mama mwenye kundi la majirani wanaomwamini hawezi kushindwa kupata sahihi hizo.

Kwa padri au mchungaji mambo ni tofauti, na ni vizuri kuyatenga. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, katika kanuni ya 285, inawakataza mapadri kushika nyadhifa za umma zenye mamlaka ya serikali. Makanisa mengine hayana katazo hilo: Mutava Musyimi aliacha ukatibu mkuu wa NCCK akachaguliwa mbunge wa Gachoka mwaka 2007. Mimi naona mchungaji anayetaka kiti aivue kola kwanza, kwa barua na mbele ya waumini, kisha aombe kura. Lakini wewe si mchungaji. Wewe ni muumini wa kawaida, na uwanja huu ni wako kuliko wake.

Utakapoingia utakutana na jambo ambalo hakuna semina itakayokuandaa nalo vya kutosha: watu wako mwenyewe watakuomba pesa. Si wahuni tu, hata dada wa kwaya atakuuliza "umetuletea nini?" Kijana wa bodaboda atasema hapandishi bango lako bila kitu. Kwenye kura za mchujo za vyama utaambiwa bei ya jina lako kuandikwa. Amua leo, kabla hujachoka, kwamba hutatoa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inauita utoaji huo hongo, iwe ni pesa, unga au leso. Sheria hiyohiyo inakataza kumshurutisha mpiga kura kwa vitisho, vikiwemo vitisho vya madhara ya kiroho. Kwa hiyo mtu asimwambie bibi yeyote kwamba asipokupigia kura amempinga Roho Mtakatifu. Ukisikia wafuasi wako wanasema hivyo, wakanye siku hiyohiyo, hadharani.

Halafu kumbuka wadi si ushirika wenu. Ndani yake kuna Waislamu wa msikiti wa jirani, kuna Wakorino na vilemba vyao, kuna Wasabato, Wakatoliki, na watu wasiokwenda popote. Ukisimama barazani, sababu ya kila unachopendekeza iwe ile ambayo jirani Mwislamu anaweza kuipima bila kwanza kuwa Mkristo. Mwambie kituo cha afya kinahitaji mkunga wa usiku kwa sababu akina mama wanajifungulia njiani. Usimwambie umefunuliwa. Utashangaa jinsi imani zetu zinavyokutana hapo. Kurani katika sura ya An-Nisaa inawaamuru waumini wasimamie haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa zao, na Nabii Yusuf, yule yule Yusufu wetu wa Mwanzo, aliomba mwenyewe asimamie hazina za Misri kwa sababu alijua kuzitunza. Wakati wa Ufungamano, jukwaa la viongozi wa dini lililoanza mwisho wa 1999, Wakristo, Waislamu na Wahindu wa Kenya waliketi meza moja kudai katiba mpya ya wananchi. Walibishana baadaye juu ya mahakama za kadhi katika kura ya maoni ya Agosti 2010, na viongozi wengi wa makanisa walioipinga rasimu walishindwa. Nchi haikuanguka. Walirudi makanisani, na Katiba ile ile waliyoipinga ndiyo inayowalinda leo wanapokosoa serikali.

Wapo waumini ambao dhamiri zao haziwaruhusu hata kupiga kura, kama Mashahidi wa Yehova. Usiwadharau wala usiwabughudhi. Mtu anayejiepusha kwa imani na kulipa gharama yake si sawa na mtu anayejiepusha hadi bahasha ifike.

La mwisho ni hazina, na hapa mchungaji wako angekuambia uiache ningemuunga mkono kabisa. Iache kabla hujatangaza nia, hata kabla minong'ono haijaenea sokoni. Waombe kamati wateue wakaguzi, wapitie vitabu vya miaka yote uliyohudumu, na matokeo yasomwe mbele ya washirika. Kabidhi funguo, vitabu vya stakabadhi na kitabu cha benki kwa maandishi, na mtie sahihi pande zote mbili. Ukiwania ukiwa bado umeshika sanduku, mpinzani wako hatahitaji ushahidi wowote. Atauliza tu kampeni yako inagharamiwa na nani. Toka pia katika kikundi cha WhatsApp cha kanisa kama msimamizi, na usiitumie orodha ya simu za washirika kutuma ujumbe wa kampeni. Namba zile walikupa kwa ajili ya sadaka na misiba.

Kisha mwendee mchungaji, umwombe saa moja, mkae wawili. Usianze na yule mwanasiasa. Mpe barua ya kujiuzulu hazina, mweleze kwamba hutaomba maikrofoni wala baraka ya mimbari, na umwombe jambo moja tu: kwamba ukichaguliwa ukakosea, akukemee kama angemkemea mtu mwingine yeyote.